Matuta ya Viazi Mlimani: Siku Moja Barabarani Magharibi mwa Ireland



Tangu turejee safarini tumekuwa tukiulizwa swali moja msikitini na barazani: "Sheikh, huko Ireland uliona nini?" Muulizaji hutarajia habari za majumba na treni. Tuliyoyaona sisi kwa wingi ni majani, mawe na kondoo. Lakini siku moja ya matembezi kwa gari, tangu asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama, ilitupa jambo ambalo hatukuweza kuliacha likae kifuani, na ndilo tutakalolisimulia hapa. Mengine ya safari ile hayana uzito.

Mwenyeji wetu alikuwa mpwa wetu, binti wa dada yetu, mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa ni muuguzi katika kaunti ya Mayo, magharibi ya mbali ya nchi ile. Yeye, mumewe na watoto wao wawili wanaishi Ballyhaunis, mji mdogo usiofika watu 3,000. Msomaji atashangaa, kama tulivyoshangaa sisi, kusikia kwamba katika mji huo wa malisho na mvua upo msikiti uliojengwa tangu msingi wake kuwa msikiti, ukafunguliwa mwaka 1987, wakati ambapo Waislamu wa mji mkuu, Dublin, walikuwa wakiswali katika jengo lililokuwa kanisa kabla hawajalinunua. Sababu yake ni nyama. Katika miaka ya 1970 mfanyabiashara mzaliwa wa Pakistan, Sher Rafique, alifungua hapo machinjio ya halali. Wakaja wachinjaji Waislamu na jamaa zao, wakaingia katika mji ambao haujapata kusikia adhana, na leo wajukuu wao wanasema Kiingereza cha Mayo kama waliozaliwa na nyanya wa pale pale.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni. Mume akiwa zamu, mpwa wetu alishika usukani, sisi tukakaa ubavuni mwake, watoto wakakaa nyuma na kapu la chakula katikati yao. Huko nako huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo macho yetu hayakutaabika. Kilichotushughulisha ni kidole. Njia za mashambani ni nyembamba, nyingine zimeota ukanda wa majani katikati, na magari mawili yakikutana lazima moja lijibanze ukutani. Basi kila dereva tuliyepishana naye aliinua kidole chake cha shahada juu ya usukani, bila kutabasamu wala kugeuza shingo, akapita zake. Baada ya cha kumi tuliuliza kama watu hawa wanatamka shahada kimoyomoyo. Mpwa wetu alicheka hadi akapunguza mwendo.

"Ni salamu yao, mjomba. Hata asiyekujua atakuinulia."

Tangu hapo tukawa tunawajibu kwa kidole na kwa nia yetu wenyewe.

Na saa pia zilitutatiza. Sisi huhesabu saa kwa jua: likichomoza ni kumi na mbili, likizama ni kumi na mbili, na mtoto wa Lamu hajui vinginevyo. Mwezi wa Juni pande zile jua huchomoza mnamo saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa nne ya usiku. Saa nne ya usiku nalo jua bado liko machoni! Kiswahili chetu kinakosa pa kusimama. Kina mama wa Ballyhaunis walitueleza habari za Ramadhani zilizoangukia miezi hiyo miaka kadhaa iliyopita: saumu ya saa kumi na nane na zaidi, futari ikiondolewa mkekani daku inateremshwa jikoni, na watoto shuleni asubuhi. Tuliosema kwamba saumu ya Mombasa ni ndefu kwa sababu ya joto tulinyamaza.

Kutoka Ballyhaunis tulipita Claremorris na Castlebar. Nchi ni ya vilima vidogo vidogo, na kila konde limezungukwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, jiwe juu ya jiwe, upepo ukipita katika matundu. Panapokoma makonde huanza kinamasi cha udongo mweusi. Udongo huo ni majani ya maelfu ya miaka yaliyooza nusu. Watu huukata vipande mfano wa matofali, huuanika mpaka ukakauka, kisha huuchoma mekoni kama sisi tuchomavyo makaa. Moshi wake una harufu ambayo si ya kuni wala ya makaa, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Kondoo wa milimani hawana zizi. Huachwa kwenye malisho ya pamoja, na kila mwenye kondoo amewapaka wake rangi mgongoni, huyu nyekundu, yule buluu, wajulikane. Mtoto wa kike, mwenye miaka sita, alikuwa akiwahesabu wa buluu peke yao, na alitufikisha Westport akiwa na mia na kitu. Westport ni mji mzuri wenye mto na maua madirishani. Tulinunua maji, tukapita.

Nje kidogo ya mji huo, mahali paitwapo Murrisk, barabara inapita kati ya bahari na mlima. Mlima ni Croagh Patrick, wa mita 764, wenye kilele kilichochongoka kama kawa la kufunikia chakula, na Wakatoliki wa nchi ile huupanda kwa ibada Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine miguu mitupu juu ya changarawe kali. Bahari ni ghuba ya Clew, iliyotapakaa visiwa vya kijani. Wenyeji husema viko 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Sisi tuliozaliwa kati ya visiwa tulitamani jahazi. Na chombo kilikuwapo, lakini si cha kupanda.

Kwenye uwanja wa majani chini ya mlima imesimama merikebu ya shaba, yenye milingoti mitatu. Kwa mbali twaona kamba na matanga. Tulipokaribia tuliona kwamba zile si kamba. Ni mifupa ya watu, mafuvu na mbavu na mikono iliyoshikana, imezungushwa tangu mlingoti mmoja hadi mwingine.

"Babu," aliuliza yule wa kiume, "hawa ni maharamia?"

Hapana. Hawa ni wenye nchi. Merikebu hiyo ni kazi ya mchongaji John Behan, kumbukumbu ya taifa ya njaa kubwa ya Ireland, na aliyeizindua mwaka 1997 ni Rais Mary Robinson, naye ni mzaliwa wa kaunti hiyo hiyo ya Mayo. Yafaa msomaji wetu alijue jina hilo. Mwaka 1992, Somalia ilipoteketea kwa njaa, mama huyo alikwenda mwenyewe kuwaona walioathirika, kisha akaja Nairobi kuwaeleza waandishi wa habari aliyoyaona, na mbele yao sauti ikamkatika na machozi yakamtoka. Wengi walistaajabu kumwona rais akilia. Aliyesimama pale Murrisk hastaajabu.

Habari ya njaa ile kwa ufupi ni hii. Maskini wa magharibi alikodi kipande cha ardhi kutoka kwa bwana ambaye aghlabu hakukaa hapo (msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa habari za mwenye ardhi asiyeonekana). Nafaka na mifugo ikalipa kodi, naye na wanawe wakala viazi, asubuhi viazi na jioni viazi. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa wa ukungu, ule ule ambao wakulima wetu wa Nyandarua na Meru wanapambana nao hata leo, na viazi vikaozea ardhini. Ukarudi mwaka uliofuata, na baada yake. Serikali iliyokuwa London iliagiza mahindi kutoka Marekani, chakula ambacho wanawake wa Kiairishi hawakukijua kukisaga wala kukipika, wakawapa watoto kikiwa kibichi nusu, matumbo yakawauma. Na wakati huo huo ngano, siagi na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Mwaka 1847 ikapitishwa sheria kwamba anayeshikilia zaidi ya robo ekari ya shamba hapati msaada mpaka aiachie. Maana yake ni kwamba ili ule leo, uiache ardhi ya kesho. Watu wapatao milioni 1 walikufa na wengine wasiopungua milioni 1 walikimbia kwa meli, wengi wakafia humo humo baharini. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na hata leo hakijairudia idadi hiyo.

Hapa yatupasa kuingiza habari ambayo Waislamu wanaipenda, nasi tuiweke sawa. Mwaka 1847 Sultani Abdulmejid wa Dola ya Uthmania alitoa pauni 1,000 kwa ajili ya wenye njaa wa Ireland, na wakuu wa nchi ile wakamwandikia barua ya shukrani ambayo bado imehifadhiwa Uturuki. Hiyo ni kweli iliyothibiti. Husimuliwa tena kwamba alitaka kutoa pauni 10,000 akaombwa asimzidi Malkia wa Uingereza, aliyekuwa ametoa 2,000, na kwamba alipeleka kwa siri merikebu za chakula katika bandari ya Drogheda, ndiyo maana mji huo una mwezi na nyota katika nembo yake. Sisi tuliofundishwa kuuliza isnadi kabla ya matni twasema: nembo ile ni ya kale kuliko njaa yenyewe, na wanahistoria wanazibishania merikebu hizo. Pauni 1,000 zatosha. Mwaka ule ule, kabila la Wachokto, wenyeji asili wa Marekani waliokuwa wamefukuzwa katika ardhi yao miaka michache tu kabla, walichanga dola 170 wakazituma. Waairishi hawakusahau. Mwaka 2017 waliwazindulia mnara wa manyoya ya chuma huko Cork.

Tukaendelea hadi mji mdogo wa Louisburgh, kisha tukaingia kusini kwenye bonde. Kuanzia hapo nyumba zilipungua, kisha zikakoma. Milima ilikuja karibu pande zote mbili, mirefu, isiyo na mti. Mweelrea, mrefu kuliko yote ya mkoa wa Connacht kwa mita zake 814, ulikuwa umejifunika wingu. Katikati kuna ziwa jembamba jeusi liitwalo Doolough. Manyunyu yalikuwa yakianguka, ile mvua yao ambayo huisikii ikinyesha ila unajikuta umelowa. Tungelisema ni mahali pazuri kuliko pote tulipopaona siku hiyo, na tulikwisha kusema Subhanallah, kabla mpwa wetu hajaegesha gari kando ya msalaba wa mawe uliosimama peke yake juu ya ziwa.

Mwishoni mwa Machi mwaka 1849 mamia ya wenye njaa walikusanyika Louisburgh. Walikuwa wameambiwa kwamba maafisa wawili wa msaada watakuja kuwakagua, kuthibitisha kuwa ni mafakiri kweli, na asiyekaguliwa atafutwa katika orodha ya posho. Maafisa hawakuwakagua. Waliondoka kwenda kulala Delphi, nyumba ya starehe ya uwindaji iliyo mwisho wa bonde, kilomita 19 hivi kutoka pale, na wakaacha amri kwamba watu wawafuate huko, wafike saa moja ya asubuhi. Barabara hii tuliyoipita kwa gari wakati ule ilikuwa njia ya mbuzi. Walitembea usiku, katika baridi na mvua, wamevaa matambara, kina mama wakibeba watoto wasio na uzito. Masimulizi ya wenyeji yasema walipofika maafisa walikuwa mezani wakaambiwa wangoje, na kisha wakarudishwa mikono mitupu. Njiani wakarudi wakianguka. Barua iliyochapishwa gazetini muda mfupi baadaye ilitaja maiti 7 zilizookotwa kandokando ya ziwa, wakiwamo wanawake na watoto, mbali na wengine ambao hawakufika makwao. Simulizi za bonde zataja idadi kubwa zaidi kuliko hiyo. Hatuna haja ya kuiongeza. Saba waliokufa wakienda kuthibitisha kwamba wana njaa wanatosha kulijaza bonde.

Kila mwaka watu huitembea njia hiyo kuwakumbuka. Mwaka 1991 aliitembea Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, na msalaba ule umeandikwa kuwakumbuka mafakiri wa 1849 pamoja na wale wanaotembea kwa njaa katika nchi maskini za leo. Yaani sisi. Tulisimama mbele ya jiwe la Ulaya tukajikuta tumetajwa.

Mpwa wetu hakushuka. Alikuwa ameshika usukani, gari limezimwa. Tuliporudi ndani alisema, "Mjomba, unamkumbuka yule Bi mjane jirani yake mama?"

Tukasema twamkumbuka.

"Ramadhani moja aliitwa ukumbini saa kumi na mbili asubuhi kuchukua unga na tende. Alipofika akaambiwa majina yako kwa mzee wa mtaa. Akaenda kwa mzee wa mtaa. Akaambiwa majina yamerudishwa ukumbini. Akarudi, akaambiwa angoje, mgeni rasmi hajafika. Amefunga, mjomba, na miguu yake unaijua. Alipopewa baada ya Alasiri wakamsimamisha na mfuko wakampiga picha. Jioni ile picha iko kwenye simu za mtaa mzima, na wanawe wameiona. Mwaka wa pili alipoitwa alisema yeye hahitaji kitu."

Hatutaitaja jumuiya hiyo, wala si moja. Tumekaa katika kamati za ugawaji miaka mingi na tunazijua hoja zake: wako waongo, wako wanaochukua mara mbili, wafadhili wanataka ushahidi. Ni kweli. Maafisa wa Delphi nao walikuwa na hoja hizo hizo, na daftari safi. Lakini tuliosoma Suratul Baqara tunajua kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na katika sura hiyo hiyo akawasifu mafakiri ambao mjinga huwadhani ni matajiri kwa sababu hawaombi. Fakiri wa namna hiyo hatapatikana kwenye foleni. Kumpata ni kazi ya mtoaji.

Watoto walitaka hadithi, tukawapa ile ya Sayyidna Umar (R.A.), ambayo kina mama wote mnaijua: alivyokuwa akizunguka usiku nje ya Madina, akaona moto, akamkuta mwanamke amebandika sufuria na watoto wanalia, na ndani ya sufuria hamna ila maji na vijiwe, ili wadhani chakula kinaiva mpaka usingizi uwachukue. Khalifa akarudi mbio hazinani, akajitwika gunia la unga na samli mgongoni mwake, mtumishi wake Aslam akataka kumpokea, akamkatalia kwa kumuuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama. Akarudi, akapika mwenyewe, akivuvia moto moshi ukipita katika ndevu zake, wala hakuondoka mpaka awaone watoto wanacheka. Katika bonde la Doolough hadithi hiyo tuliisikia upya, ingawa sisi ndio tuliokuwa tukiisimulia. Njia baina ya mwenye unga na mwenye njaa ilikuwapo Madina na ilikuwapo Mayo. Tofauti ni nani aliyetembea.

"Je, huyo mama alijua kwamba ni khalifa?" aliuliza mtoto wa kike.

Alipokuwa akipika, hakujua.

Njia ilitutoa bondeni, ikapita Delphi yenyewe (leo ni nyumba ya wageni na wavuvi wa samaki wa mtoni, yenye miti mizuri, hatukusimama), ikatufikisha kwenye mkono wa bahari uitwao Killary. Bahari imeingia kati ya milima kwa kilomita 16, maji yametulia kama ya mtungi, na juu yake safu za maboya ambamo hufugwa kome kwenye kamba. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Tulitawadha katika kijito chenye baridi ya kukata vidole, tukatandika mikeka juu ya majani mabichi, tukaelekea kusini-mashariki. Sisi wa Mombasa, ambao kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja, huona ajabu kila tunapogeuka hivyo. Tukakusanya Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa ruhusa ya msafiri. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake alimshika mbwa ukosi, akavua kofia, akangoja mpaka tulipotoa salamu, ndipo akainua kidole chake na kuendelea.

Kapu likafunguliwa. Mpwa wetu alikuwa ametupikia viazi karai, na chupa ya ukwaju, na chai ya tangawizi. Viazi vya Mayo, bizari ya Mombasa. Nchini kwetu mabwana shamba huviita viazi hivi vya Kiairishi, na watu wengi hudhani asili yake ni huko. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, vikafika Ireland karne kadhaa zilizopita na kwetu baadaye sana. Jina tu ndilo lililonasa. Tulikuwa tumekwisha kula viwili vitatu pale mpwa wetu alipotuonyesha ng'ambo ya maji.

Kwenye ubavu wa mlima, juu kuliko nyumba yoyote na juu kuliko ukuta wowote, kulikuwa na mistari. Mwanzo tulidhani ni njia za kondoo. Lakini ilikuwa sambamba, iliyopangika, imeteremka mlima kama alama za kitana katika nywele. Yalikuwa ni matuta. Matuta ya viazi, yaliyolimwa na watu ambao idadi yao iliwasukuma kupanda mlima hadi mahali ambapo hata mbuzi hufikiri, wakabeba udongo na mwani wa pwani kwa makapu mgongoni. Njaa ile iliwakuta hapo. Waliolima hawakurudi na hakuna aliyelima tena baada yao, na majani yakaota juu ya matuta yakiwa vivyo hivyo. Hadi leo, jua likiwa upande, kila tuta huweka kivuli chake, unaweza kuyahesabu. Ndipo tukafahamu ule ukijani uliotustaajabisha tangu asubuhi. Nusu yake ni nchi iliyoondolewa watu.

Tulimaliza viazi vyetu, kwani kuvitupa lingekuwa kosa kubwa zaidi.

Kutoka Leenane tulikata kuingia bonde la Maam. Huko mabango ya barabara yameandikwa Kiairishi peke yake, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu chache ambako lugha hiyo bado ni ya nyumbani. Waliokufa na waliohama zaidi katika njaa walikuwa wasemaji wake, na waliobaki wengi wakaona heri mtoto ajue Kiingereza, lugha ya meli. Shuleni mtoto alivishwa kijiti shingoni, akisema neno la Kiairishi kinatiwa pengo, na mapengo huhesabiwa jioni kwa fimbo. Wasomaji wetu wa umri wetu mnakikumbuka kipande tulichovishwa katika shule za Kenya kwa kosa lilo hilo. Watoto wa mpwa wetu hujifunza Kiairishi shuleni kama wenzao wote, Kiarabu msikitini, na Kiswahili kwa mama yao, ambaye hajibu swali la chai wala la mkate likiulizwa kwa Kiingereza. Tukamwombea dua.

Jua lilikuwa bado la juu tulipofika ziwa Mask, karibu na Ballinrobe, na huko tulikuta mwisho wa habari ambao hatukuutarajia. Mwaka 1880 nyumba moja kando ya ziwa hili ilikaliwa na Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja aitwaye Lord Erne. Mavuno yalikuwa mabaya, wakulima wakaomba kodi ipunguzwe zaidi, yeye akaanza kuwafukuza. Chama cha Ardhi kilikuwa kimeundwa mwaka mmoja tu kabla, huko Castlebar tulikopita asubuhi, na watu walikuwa wamekubaliana jambo. Hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Hakuna aliyemvunia, hakuna aliyemfulia, hakuna aliyemuuzia mkate, hakuna aliyempelekea barua. Ikabidi waletwe wavunaji 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari wapatao 1,000, na ilikadiriwa kwamba pauni 10,000 zilitumika kuvuna mazao yasiyozidi 500. Kabla mwaka haujaisha alikwisha ondoka, na jina lake likabaki katika Kiingereza na lugha nyingi kuwa ndilo neno la kususia. Watoto wa mpwa wetu walilijua neno hilo kwa ajili ya Palestina, kwani kuna biskuti ambazo hazinunuliwi nyumbani kwao, lakini hawakujua kwamba lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo aliishi mwendo wa chini ya saa moja na nusu kutoka kitandani mwao. Sisi pia tulipenda kuona kwamba wajukuu wa walioitembea Doolough, baada ya miaka 31, walibaki majumbani mwao na kumwacha bwana ndiye ahangaike na njia.

Watoto walikuwa wakirusha vijiwe ziwani. Mpwa wetu aliegemea gari akiandika kwenye simu. Kila mwezi hupeleka Mombasa fungu kwa kamati ya mtaa wao, na mwezi huu alikuwa amelishikilia. Alimwandikia dada yake: fedha zitakuja kwako, usizipeleke ukumbini, nenda kwa yule Bi jirani yake mama, uende wewe mwenyewe, ubishe hodi kwa mlango wa uani.

Kwetu ilikuwa imepita saa nne ya usiku, usiku wa kweli wenye giza. Jibu lilirudi tulipokuwa tumekaribia Claremorris, watoto wamelala nyuma, jua limetupiga machoni kwenye vioo. Dada mtu aliandika kwamba atakwenda kesho baada ya Alfajiri, na je, anunue unga wa chapati au wa sima?

Mpwa wetu alisimamisha gari kando ya njia ili ajibu. Aliandika: "Kwanza muulize yeye."